Mahindi Yalivuka, Majivu Yakabaki

Gritsi ni chenga. Nimejaribu njia nyingi za kuwaeleza watu wa kwetu chakula hiki cha kusini mwa Marekani, na kila mara narudi kwenye neno hilo moja ambalo yeyote aliyewahi kupanga foleni mashineni analijua. Unasaga mahindi makavu, mara nyingi meupe, kisha unachekecha. Kinachopita ni unga. Kinachobaki juu ya chekecheo, punje zilizovunjika vipande vidogo kama mchanga wa mtoni, ndizo gritsi. Zinachemshwa kwa maji au maziwa, moto mdogo, mtu anakoroga taratibu hadi ziive na kulegea. Zinaliwa asubuhi na siagi, chumvi, yai pembeni. Kule Charleston wavuvi walizila na kamba wa baharini, na leo sahani hiyohiyo inauzwa hotelini kwa bei ambayo mvuvi angeisoma mara mbili. Jimbo la South Carolina lilizitangaza kuwa chakula chake rasmi mwaka 1976, na Georgia ikafuata mwaka 2002.

Kwa mlaji wa kwetu, shida ni mahali pa kuziweka. Si uji, maana hazinywewi kwa kikombe. Si ugali, maana huwezi kumega tonge. Mwanafunzi mwenzetu aliyekuja kwa muhula mmoja kutoka Georgia alitupikia bwenini, na jamaa mmoja wa Musoma akazitazama muda mrefu, akasema, "Huu ni uji uliokuwa safarini kwenda kuwa ugali, ukakata tamaa njiani." Yule dada wa Georgia naye, siku alipoonja ugali wetu, alisema hizo ni gritsi zilizosahaulika jikoni. Nadhani wote wawili walisema jambo moja. Jamaa alipochota kijiko cha sukari, dada akaruka kutoka kwenye kiti. Kwao, alitueleza, kuna familia ambazo hazielewani kabisa juu ya sukari kwenye gritsi, kama sisi tunavyogombana juu ya sembe na dona.

Ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na semina yetu ya maadili mwaka huu ilikwama wiki mbili kwenye swali ambalo nililidharau mwanzoni: chakula kinakuwaje cha watu fulani? Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba ugali wa mahindi si wetu hata kidogo. Wetu ni mtama, uwele na ulezi. Mahindi yaliletwa na Wareno, yakasukumwa na mkoloni, na kuyaita utamaduni ni kujidanganya. Mwingine akajibu kwamba chakula alichokula babu wa babu yako ni chako, mjadala umefungwa. Mmoja alitazama kilikotoka, mwingine alihesabu miaka ambayo kimekaa. Mimi niliona wote wawili wanazungumza kana kwamba chakula ni kiwanja, na swali ni nani mwenye hati.

Kwa upande wa asili, tazama majina tu. Sisi tunayaita mahindi, jina linaloelekeza kidole Uhindini. Waitalia wanaliita zao hilo granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Waturuki wenyewe wanaliita mısır, na Mısır ndilo jina lao la nchi ya Misri. Waingereza waliohamia Marekani waliliita nafaka ya Wahindi, wakimaanisha wenyeji waliowakuta pale, ambao nao waliitwa Wahindi kwa kosa la baharia mmoja. Kila taifa lililipokea zao hili na kusema limetoka kwa mgeni mwingine, na karibu kila taifa lilimtaja mgeni asiye sahihi. Waliokuwa na jina lisilomsingizia jirani ni wale waliolikuza. Neno la Kihispania, maíz, lilichukuliwa kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, na zao lenyewe lilianzia kusini mwa Mexico, yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi iitwayo teosinte, yenye punje chache ngumu ambazo ukizitazama leo huwezi kuamini ni bibi wa gunzi la kuchoma.

Kuna jambo moja kuhusu mahindi ambalo mtama hauna kwa kiwango hicho. Hayawezi kujipanda. Gunzi likianguka lenyewe, punje zake zimefungwa ndani ya maganda, na hata zikiota zinabanana hadi zinauana. Kwa hiyo kila muhindi unaouona shambani, Iringa au Iowa, ni ushahidi kwamba mtu alimpa mtu mbegu mkononi, naye akampa mwingine, bila mnyororo kukatika kwa maelfu ya miaka. Zao la namna hii haliwezi kuwa la mtu mmoja kwa maana ya hati ya kiwanja. Ni zao la kupeana. Swali linalonisumbua ni kitu gani kingine hupaswa kupeanwa pamoja na mbegu.

Hapo ndipo majivu yanapoingia.

Mwanamke wa Mexico anayetaka kupika tortila huanza jana yake. Huchemsha mahindi makavu kwenye maji yenye chokaa, huyaacha yalale humo, na asubuhi huyaosha kwa kuyafikicha hadi maganda yatoke. Kisha huyasaga yakiwa mabichi kwenye jiwe, yanakuwa kinyunya kinachoshikana. Mahindi yaliyopitia njia hiyo yanaitwa nishtamali, neno la Kinahuatl linalounganisha majivu na tamali, ile mikate ya mahindi inayopikwa kwa mvuke ndani ya maganda. Kaskazini zaidi, Wacherokee, Wamuscogee na Wahaudenosaunee walitumia maji ya majivu ya kuni. Punje nzima zilizochubuliwa hivyo ndizo walowezi wa Virginia walizoziita homini, neno walilolichukua kwa wenyeji wa pale. Ukizikausha homini na kuzivunja, unapata gritsi za mwanzo kabisa. Gritsi nyingi zinazouzwa leo hazijawahi kuonja majivu.

Ukijaribu kukanda mahindi ambayo hayakupitia chokaa, hayashikani vizuri. Hiyo ndiyo sababu mojawapo sisi hatuna chapati ya mahindi ya kujivunia. Lakini kazi kubwa ya chokaa haionekani. Ndani ya punje kuna niasini, vitamini B3, ila kwa sehemu kubwa imefungwa kiasi kwamba utumbo wa binadamu hauwezi kuifungua. Chokaa au majivu huifungua. Bila hayo, mtu anayeishi kwa mahindi karibu peke yake, bila maharage, maziwa, samaki wala nyama, hupata ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi inayopigwa na jua hukauka, hubabuka na kuwa nyeusi, shingoni mara nyingi inakuwa kama mkufu. Tumbo huharisha. Akili huchanganyikiwa. Asipobadilishiwa chakula, hufa.

Semina nzima ilikubali kwamba hii ni habari ya kusisimua. Hatukukubaliana kama ni maarifa. Mwenzetu aliyebobea kwenye mantiki alisema wale wanawake hawakujua chochote kuhusu niasini, kwa hiyo walichokuwa nacho ni mazoea yaliyobahatika. Nilimjibu kwa Gilbert Ryle, ambaye mwaka 1949 alitenganisha kujua kwamba jambo fulani ni kweli na kujua namna ya kufanya jambo. Lakini kusema kweli sikumhitaji Ryle. Mazoea ya bahati hayadumu maelfu ya miaka kutoka Mexico hadi maziwa makubwa ya kaskazini, kila kabila likitafuta chokaa au majivu yake, likipima, likisubiri usiku kucha, likifundisha mabinti. Mtu hawezi kueleza kwa nini, lakini anajua kwamba ukiruka hatua hii umeharibu chakula. Fundi wa majahazi wa Kilwa hajawahi kuandika mlingano wa mawimbi, na bado ukipanda chombo unamwamini yeye.

Mbegu ilivuka bahari haraka. Majivu yalibaki, au niseme waliachwa waliokuwa na majivu mikononi. Wahispania waliona nishtamali ikitengenezwa kila siku, haikufichwa. Lakini ilikuwa kazi ya jikoni, ya wanawake, ya watu walioshindwa vita, na Ulaya ilikuwa tayari na vinu vyake vya kusagia ngano. Kwa nini uloweke usiku kucha wakati jiwe linasaga kwa saa moja? Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal, kule Asturias kaskazini mwa Uhispania, alieleza ugonjwa wa ngozi uliowapata wakulima maskini waliokula mahindi. Mwaka 1771 Francesco Frapolli wa Milano alichapisha jina ambalo wakulima wenyewe walikuwa wanalitumia, pelagra, ngozi kali. Kaskazini mwa Italia watu walikuwa wamekula polenta tangu zamani, ila ya mtama mdogo, ya karanga miti, ya nafaka nyingine. Mahindi yalipokuja yalizaa zaidi, na mwenye shamba akaona faida: ngano iende sokoni, mkulima abaki na polenta asubuhi, mchana na jioni.

Hadithi ya kusini mwa Marekani ndiyo ninayoirudia zaidi, kwa sababu ndiko gritsi ziliko, na kwa sababu huko kisingizio cha kutojua kilikwisha muda wake hadharani.

Frederick Douglass, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1845, anaeleza jinsi watoto wa watumwa walivyolishwa uji mzito wa unga mkavu wa mahindi uliomiminwa kwenye kihori na kuwekwa chini. Waliitwa kama nguruwe, wakaja mbio, wengine wakichota kwa makombe ya chaza, wengine kwa mikono. Wala haikuwa mbali na nyumba ambamo mahindi hayohayo yaliliwa kwa kijiko cha fedha. Namna ya kuyaweka mbele ya mtu ndiyo iliyosema huyu ni mlaji na yule ni mfugo.

Baada ya utumwa yakaja mashamba ya pamba yaliyolimwa kwa kugawana mavuno. Mkulima alikopa chakula dukani kwa mwenye shamba, na chakula cha mkopo kilikuwa mafuta ya nguruwe, unga wa mahindi na sharubati nyeusi ya miwa. Pamba ililimwa hadi mlangoni. Bustani ilikuwa ni kupoteza ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vinu vipya vikaanza kuondoa kiini cha punje ili unga na gritsi visiharibike ghalani. Yale machache yaliyokuwa yamebaki yakaondoka. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1906 na 1940 watu milioni tatu waliugua pelagra kusini mwa Marekani, na laki moja walikufa.

Mwaka 1914 serikali ilimtuma Joseph Goldberger, daktari aliyezaliwa Hungaria na kukulia New York. Wakati huo wengi waliamini pelagra inaambukiza. Goldberger alitembelea vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, akagundua jambo ambalo mtu yeyote angeweza kuliona: wagonjwa wanaugua, wahudumu hawaugui. Wanalala jengo moja, wanapumua hewa moja, ila hawali sahani moja. Akabadilisha chakula kwenye vituo vya yatima vya Jackson, Mississippi, akaongeza maziwa, mayai, nyama na maharage, na pelagra ikaondoka.

Hawakumwamini. Basi mwaka 1915, kwenye gereza la shamba la Rankin, Mississippi, akafanya kinyume chake. Wafungwa 11 waliojitolea walilishwa kwa miezi chakula cha kawaida cha maskini wa kusini: mikate, uji wa mahindi, gritsi, wali, viazi vitamu, sharubati. Sita kati yao walipata pelagra. Malipo yao yalikuwa msamaha wa gavana. Walitoka gerezani huru.

Nimekaa na habari ya Rankin muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kwa kozi ya maadili ya utafiti jibu ni jepesi: mfungwa anayeahidiwa uhuru hawezi kusemekana amekubali kwa hiari kamili, na leo hakuna kamati ambayo ingeupitisha utafiti huo. Nakubali. Lakini jaribu kulitazama kutoka upande wa pili. Wale 11 walilishwa kile ambacho maelfu ya familia nje ya geti walikuwa wanakula bila msamaha wowote, bila daktari wa kuwapima, na bila tarehe ya mwisho. Nje ya geti hakuna aliyeita hali hiyo jaribio. Iliitwa msimu wa pamba.

Na bado hawakumwamini. Mwaka 1916 Goldberger, mke wake Mary na wenzao walijidunga damu ya wagonjwa, na Goldberger na wenzake wakameza vidonge vilivyochanganywa magamba ya ngozi zao na kinyesi chao, kuonyesha kwamba pelagra haiambukizi. Hakuna aliyeugua. Mwaka 1921 rais Harding alipozungumzia njaa na pelagra kusini, wanasiasa wa huko walikasirika. Walisema wamevunjiwa heshima, na kwamba hakuna njaa kwao. Goldberger alikufa mwaka 1929; niasini ikatambuliwa kuwa dawa mwaka 1937, na Conrad Elvehjem. Katika miaka ya 1940 vitamini zikaanza kuongezwa kwenye unga na gritsi kwa sheria. Karne kadhaa baada ya kuyadharau majivu, majivu yakarudi kwa mlango wa nyuma, yakiwa yamevaa koti jeupe.

Sasa hili ndilo nililotaka kusema kwenye semina. Kuchukua mahindi hakukuwa wizi. Mexico haikupungukiwa mahindi kwa sababu Italia imeyapanda. Mbegu si ng'ombe, ukimpa mwenzako hubaki nayo. Wanaosema kila chakula kilichovuka mpaka kimeibwa wanakosea hapo. Lakini wale wanaosema basi hakuna ubaya wowote nao wanakosea. Ubaya ulikuwepo, ila jina lake si wizi. Jina lake ni dharau: kupokea kitu kutoka kwenye mkono wa mtu huku ukiamini kwamba mkono huo hauna la kukufundisha. Mwanafalsafa Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, anachambua dhuluma anayofanyiwa mtu kama mjuzi, pale neno lake linapopunguziwa uzito kwa sababu ya yeye ni nani. Na anagusia hata yule ambaye haulizwi kabisa. Mpishi wa Mexico yumo kwenye kundi hilo la mwisho. Ninachoongeza mimi ni kwamba dhuluma hii ina tabia ya ajabu ya kutompiga yule aliyedharau. Mhispania mwenye shamba hakuugua pelagra. Mwenye kinu hakuugua. Waliougua ni mkulima wa Asturias, mjane wa Alabama, mtoto wa kiwanda cha nguo, watu ambao hawakuwahi kumdharau Mmexico yeyote wala kukutana naye. Deni lilikopwa na mmoja, likalipwa kwa ngozi ya mwingine.

Na sisi? Kwa nini Afrika Mashariki, inayokula mahindi kwa kiasi hiki, haikubabuka shingo nzima nzima? Hatukupokea majivu. Jibu langu ni mboga. Lugha yetu inajua kwamba ugali peke yake si mlo. Mtu akila ugali bila kitoweo tunasema kala mkavu, na tunasema kwa huruma. Mahindi yalipoingia yalikuta utaratibu uliokuwepo tangu enzi za mtama na ulezi, wa tonge linalosindikizwa na kunde, mchicha, dagaa, karanga, maziwa. Makande ni mahindi na maharage kwenye sufuria moja, na githeri ya Wakikuyu ni ndugu yake. Muthokoi ya Wakamba, mahindi yaliyotwangwa hadi maganda yakatoka kisha kupikwa na maharage au mbaazi, ukiyaweka mbele ya Mmuscogee atadhani ni homini ya kwao. Magadi na majivu tunayo pia: bibi zetu hutia magadi kidogo ili makande yaive upesi, na Waluhya huchuja majivu ya mabua ya maharage kupikia mrenda. Ila kwetu maji ya majivu yalikwenda kwenye mboga.

Kwa hiyo kama kuna haki ya kusema ugali ni wetu, naiona hapo, kwenye kile tulichouwekea pembeni. Mwenzangu wa mtama hakuridhika, na sitarajii aridhike.

Lakini kinga hiyo ni nyembamba. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa makambini Malawi walipata pelagra. Mgao wao ulikuwa mahindi, na karanga zilizopaswa kwenda pamoja nayo zilikuwa zimekatika. Ugali ule ule, mikono ile ile inayojua kuusonga. Kilichokosekana ni kitoweo, na kitoweo kilikosekana kwa sababu mtu aliyepanga mgao alihesabu shibe.

Nalitaja hili kwa sababu ada yangu ya chuo inalipwa na mashine. Mama yangu ana mashine ya kukoboa na kusaga Makambako, na kati ya vitu vyote vinavyotoka pale, kinacholeta pesa ni sembe. Mahindi yanapita kwenye kinu cha kukoboa kwanza, ganda na kiini vinaondoka kama pumba, na kinachobaki kinasagwa kuwa unga mweupe pe. Pumba zinauzwa kwa wafuga kuku na nguruwe. Dona, unga wa punje nzima, husagwa kwa wanaouomba, nao ni wachache: wazee wenye sukari waliolazimishwa na daktari, na watu wa mazoezi. Nikiwa likizo nimesimama pale nikitazama nguruwe wa Makambako wakipelekewa sehemu yenye nguvu ya punje, nikamkumbuka Douglass na kihori chake, ila sasa kihori kimegeuka upande.

Weupe una historia yake. Soko la Uingereza lililonunua mahindi ya makoloni kwa ajili ya wanga lilipendelea meupe, na wakati wa upungufu mahindi ya msaada yalipokuja ya njano, wazee wetu waliyapokea kwa kejeli wakauita unga wake unga wa Yanga. (Mama ni Simba, kwa hiyo kwake ilikuwa adhabu mara mbili.) Sembe ikawa chakula cha mgeni, cha harusi, cha mtu aliyetoka shida. Dona ikawa chakula cha shuleni na jeshini. Huwezi kumwambia mtu aliyekula dona miaka saba ya bweni kwamba unga ule ulikuwa na heshima zaidi.

Nilimuuliza mama kama haoni ubaya. Sikumuuliza kwa kumhukumu. Nisingethubutu, na ada ya muhula huu ilikuwa bado.

"Mwanangu," alisema, "mteja hali maelezo. Anakula rangi. Nikimsagia dona bila kuniomba, kesho anavuka barabara kwa jirani."

"Lakini mama unajua dona ina nguvu."

"Najua. Na yeye anajua. Wewe unadhani hajui? Ana watoto watano, nyumbani kuna maharage. Akikosa maharage hiyo dona yako haitamtosha."

Nimesoma vitabu viwili vizima juu ya pelagra ambavyo vinafikia mahali hapo kwa kurasa nyingi zaidi. Hata hivyo jibu la mama lina tundu, na nilimwambia. Viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza virutubishi kwenye unga. Mashine ndogo kama yake, ambazo ndizo zinazolisha Makambako, haziongezi kitu. Mteja ambaye maharage yamemwishia mwezi wa pili, kabla ya mavuno, anakuja na debe lake, na mashine inamrudishia unga mweupe na kubaki na pumba. Ni halali. Ameomba mwenyewe. Wale 11 wa Rankin nao waliomba wenyewe.

Mama alinyamaza kidogo, akaenda kumpimia mtu, akarudi akifuta vumbi la unga kwenye nyusi. Nilikuwa nimeshamsimulia habari ya Mexico siku ya nyuma, nikidhani hakusikiliza.

"Hao wenzako wa Mexico," aliuliza, "chokaa wanatia kiasi gani?"

Nikamwambia ni kidogo, karibu kilo moja kwa gunia la kilo mia.

"Chokaa hii ya ukutani?"

"Hapana mama, ipo ya chakula. Safi."

"Na yanalala usiku mzima?"

"Usiku mzima."

"Na asubuhi yakishaoshwa," alisema, "yanakuwa meupe?"